Hatari ya Stima: Maneno Yaliyosemwa kwa Wafanya Kazi Jego

(Maneno haya yalisemwa na mwanachama mwenzetu wa reli alipokuwa nyumbani kwa likizo, mbele ya wafanya kazi na watu wa Jego waliokusanyika siku ile. Tunayatoa hapa kwa faida ya wale ambao hawakuweza kufika.)



Mwenyekiti aliponiambia niseme juu ya stima nilimjibu kwamba mimi si injinia. Elimu yangu ni ya shule ya msingi ya misheni, na kilichobaki nimekipata karakanani kwa macho na kwa masikio. Akaniambia mainjinia wako wengi sana, ila hawaji Jego. Basi nimekuja mimi.

Zamani stima ilikuwa jambo la Mombasa. Mtu wa huku aliiona alipokwenda kutafuta kazi Kilindini au Changamwe. Leo nguzo zimeingia vijijini, hasa tangu mwaka 2015, serikali ilipoanza mpango wa kuziunganisha nyumba zilizo karibu na transfoma. Sasa kuna pampu za maji, kuna mashine za kusaga, mafundi wa kuchomelea wamejaa Lunga Lunga, na ukienda Vanga utakuta friji ya samaki. Sisemi ni vibaya. Mimi mwenyewe nala kwa stima. Lakini kitu hiki kimetufikia faida yake ikiwa mbele, na hatari yake imefuata nyuma kimya kimya. Moto una moshi, gesi ina harufu, hata nyoka mara nyingine utaona nyasi zikitikisika. Waya wenye stima na waya usio na stima ni sura moja.

Nitaanza na jambo nililoliona mwenyewe. Kabla sijaingia reli nilikuwa kibarua kwa kontrakta mmoja aliyekuwa akijenga maghala. Sitamtaja jina. Ilikuwa wakati wa masika na sakafu ilikuwa na maji. Fundi wa kuchomelea alikuwa na waya mrefu wa mashine, nao ulikuwa umechubuka katikati, ukafungwa kipande cha mfuko wa nailoni. Sote tuliuona waya ule. Tulikuwa tukiuruka kila siku, tena tukicheka. Siku hiyo fundi aliuvuta kwa mkono ulioloa, akashika pale pale palipofungwa nailoni. Hakupiga kelele. Watu hudhani mtu akishikwa na stima atalia, yule hakulia. Alikunja mkono, akauma meno, akasimama vile kama mtu anayevuta kamba ya jahazi. Msaidizi wake, kijana mwenye nguvu, miguu mitupu ndani ya maji, alimrukia akamkumbatia kiunoni ili amvute. Naye akanasa.

Mimi nilikuwa karibu na ukuta, na kwenye ukuta ule ndiko ilikokuwa swichi kubwa. Nilijua ipo kwa sababu asubuhi nilitumwa mimi kuiwasha. Niliizima. Wote wawili walianguka. Fundi alipumua. Kijana hakupumua. Sisi watu kumi na zaidi tulimzunguka, huyu akimmwagia maji, huyu akimpepea kwa shati, huyu amekwenda kutafuta gari. Gari lilifika baada ya nusu saa.

Jioni mtu mmoja aliniambia mbele ya wenzangu, "Wewe ulikimbilia ukutani, mwenzako alikimbilia kwa mtu." Maneno yale nimekaa nayo miaka mingi. Nayasema leo kwa sababu nataka mjue ni kwa nini kijana yule shujaa alikufa, na kwa nini sisi tuliosimama pale tulikuwa na dakika chache za kumrudisha, nasi tukazitumia kumpepea.

Sasa, stima hufanya nini mwilini? Tuanze na kunguru. Kila mtu hapa amemwona kunguru amekaa juu ya waya, hana habari. Kwa nini hafi? Na kule Diani, mbega akigusa nyaya huanguka amekufa au ameungua mikono. Jambo hili si hadithi. Chama cha Colobus Conservation, kilichoanzishwa Diani mwaka 1997, kina kazi kubwa ya kuwaokota kima, tumbili na mbega waliopigwa na stima, na mbega ndio wanaoumia kuliko wote. Watu wa chama hicho hukata matawi yaliyo karibu na nyaya, na hushirikiana na watu wa Kenya Power kuzifunika nyaya katika mahali pabaya.

Tofauti ya kunguru na mbega ni hii. Stima haitaki kuingia ndani ya mtu na kukaa. Stima ni msafiri. Hutaka kupita, kutoka upande huu kwenda upande wa pili. Kunguru ameweka miguu yote miwili juu ya waya mmoja, na stima haina haja ya kupita kwake kwani hana upande wa pili. Mbega ana mikono mirefu na mkia mrefu. Anashika waya huu na mguu unagusa waya ule, au nguzo. Hapo amekuwa njia.

Na sisi tusimamao chini, je? Sisi ni mbega, tena mbega ambaye tayari ameshika upande mmoja. Kwenye transfoma, upande mmoja wa stima umefungwa kwenye chuma kilichozikwa ardhini. Kwa hiyo ardhi unayoikanyaga ni kama waya wa pili, na umeushika tangu asubuhi ulipotoka kitandani bila ya kujua. Kinachobaki ni kugusa waya wa kwanza.

Watu huogopa volti. Ni kweli volti ndizo msukumo, kama vile tangi la maji likiwa juu zaidi maji hutoka kwa nguvu zaidi. Stima ya nyumba zetu ni volti 240. Lakini kinachoua ni wingi wa stima unaopita mwilini, nao hupimwa kwa ampea. Ampea moja ni kubwa mno kwa mwili wa mtu, kwa hiyo huigawanya mara 1,000 na kila kipande huitwa miliampea. Shikeni hesabu hii, si ngumu. Miliampea 1 mtu huisikia kidogo kama sisimizi. Zikifika kama 10 mkono haufunguki tena. Zikifika kama 30 kifua hukaza na pumzi huwa taabu. Kuanzia 50 kwenda 100, zikipita kifuani kwa sekunde moja hivi, moyo waweza kuharibika mwendo wake. Sasa linganisheni: ile taa ya zamani ya wati 60, ya kumwangazia mtoto akisoma, hunywa miliampea 250. Stima ya kuua mtu ni ndogo kuliko ya taa ya kusomea.

Tena mwili haupitishi stima sawa sawa siku zote. Ngozi kavu, hasa kiganja kigumu cha mtu wa jembe, huzuia sana. Ngozi iliyolowa maji, au jasho lenye chumvi, haizuii. Mtu aliyelowa akishika volti 240 aweza kupitisha miliampea kama 240. Ndiyo maana fundi anakwambia, "Mimi nimepigwa mara nyingi, nimezoea." Hakuzoea. Siku zile alikuwa mkavu. Nao huu mwili hauna mazoea ya stima kama ulivyo na mazoea ya pilipili.

Kwa nini mkono haufunguki? Zamani kule Italia, daktari mmoja jina lake Luigi Galvani alimpasua chura aliyekwisha kufa, akaigusisha miguu yake na madini, akaona miguu inaruka. Alichapisha habari zake mwaka 1791. Tangu hapo watu wakafahamu kwamba misuli yetu huendeshwa na stima ndogo sana itokayo ubongoni na kupita katika mishipa ya fahamu. Wavuvi wa Vanga na Majoreni hawahitaji kwenda Italia kwa somo hili, maana katika bahari yetu kuna aina ya taa ambaye mvuvi akimshika mkono hufa ganzi; samaki huyo hutoa stima yake mwenyewe. Basi ukishika waya, amri ndogo ya ubongo wako inayosema "achia" hufunikwa na amri kubwa ya waya inayosema "kunja". Misuli ya kukunja vidole ina nguvu kuliko ya kuvifungua, kwa hiyo mkono hufumba. Yule fundi hakuwa mkaidi wala hakuchelewa kuachia. Mkono haukuwa wake tena.

Na kijana? Yeye alimshika fundi, miguu yake mitupu ikiwa majini, na stima ikapata njia nzuri zaidi: mkononi mwa fundi, mwilini mwake, ikaingia kwa kijana kwa mikono na kifua, ikashuka ardhini. Ikapita moyoni. Moyo nao una stima yake ndogo inayoupigia hesabu, kama nahodha anayewapigia wapiga makasia. Stima ya nje ikiingia kati, kila msuli wa moyo huvuta kwa wakati wake. Moyo hausimami kabisa, bali hutetemeka kama nyama iliyochinjwa sasa hivi, na damu haisukumwi. Mtu huanguka na kupoteza fahamu kwa muda mfupi sana. Ubongo usiopata damu huanza kuharibika baada ya dakika nne au tano hivi. Gari letu lilikuja baada ya dakika 30. Fanyeni hesabu wenyewe.

Liko jambo jingine ambalo hatulioni. Stima nyingi ikipita hupika nyama ndani, wakati juu ya ngozi pana kidonda kidogo kama cha sigara. Mtu husema, "Ni kidonda tu," akapaka mafuta akaenda kulala. Lakini misuli iliyokufa ndani hutoa taka kwenye damu, na taka hizo huweza kuziba figo. Mkojo ukiwa mweusi kama chai ya rangi, hiyo ni dalili mbaya. Kwa hiyo aliyepigwa vizuri na stima, hata akiwa anacheka, yafaa aende hospitali apimwe moyo na mkojo, hasa kama alipoteza fahamu, au kama ilipita mkono kwa mkono, au kama ni mama mja mzito.

Nataka sasa kuvunja imani moja iliyotuua wengi, nayo ni imani ya fyuzi. Mtu asema, "Mimi sina hofu, plagi ina fyuzi." Fyuzi ya plagi ni ampea 13, yaani miliampea 13,000. Itaungua baada ya wewe kufa mara 100. Fyuzi ni mlinzi wa waya usiungue na nyumba isiwake. Si mlinzi wako. Mlinzi wako ni ile swichi ndogo iwekwayo penye mita, inayojizima yenyewe ikiona stima ya miliampea 30 imepotea njia na kwenda ardhini. Hujizima kabla hujamaliza kusema "ah". Ina kitufe cha kujaribia. Bonyeza mara kwa mara, isipojizima mwite fundi. Na waya wa ardhi usikatwe. Nimeona plagi nyingi ambazo waya ule umekatwa kwa sababu "hauna kazi". Kazi yake ni siku moja tu, siku ile mwili wa friji unaposhika stima.

Habari ya nyaya za nje. Mwaka 2016, tarehe 7 Juni, tumbili mmoja alipanda juu ya paa la kituo cha kuzalisha umeme cha Gitaru, akaanguka juu ya transfoma. Megawati zaidi ya 180 zikapotea na Kenya nzima ikaingia gizani kwa saa kadhaa. Tumbili alipona! Watu walicheka sana, hata mimi nilicheka. Lakini msijifunze kwake.

Jifunzeni kwa yaliyotokea Kinshasa. Tarehe 2 Februari 2022, katika soko la Matadi Kibala, waya mkubwa wa umeme ulikatika ukaanguka chini, mvua ikiwa imenyesha na maji yamesimama sokoni. Watu 26 walikufa, wengi wao kina mama waliokuwa wakiuza na kununua. Wengi hawakuushika ule waya. Waya ukianguka, stima husambaa ardhini kama maji yaliyomwagwa; penye waya ina nguvu, na kila ukienda mbali inapungua. Mtu akipiga hatua ndefu, mguu mmoja uko penye nguvu nyingi na wa pili penye nguvu kidogo. Tayari amekuwa mbega. Ng'ombe hufa upesi kuliko mtu kwa sababu miguu yake ya mbele na ya nyuma iko mbali mbali, na moyo uko katikati. Kwa hiyo ukiona waya umeanguka kaa mbali, mita 10 au zaidi. Na ukijikuta uko karibu, usikimbie. Bana miguu pamoja uondoke kwa hatua ndogo ndogo za kuburura, mguu usiuache mguu mwenzake. Utaonekana kama mtoto anayejifunza kutembea, afadhali. Hapa kwetu Mto Umba ukifurika na maji kuingia majumbani, zimeni swichi kubwa kabla maji hayajafika kwenye soketi. Yakishafika, usiingie majini kuifuata swichi.

Na wale vijana wetu wanaovuka Horohoro kwenda kutafuta kazi Tanzania, nina neno lao. Reli yetu ya Mombasa hadi Nairobi iliyofunguliwa mwaka 2017 yaenda kwa dizeli. Reli mpya ya wenzetu yaenda kwa umeme. Mwezi Juni 2024 treni za abiria zilianza kutoka Dar es Salaam hadi Morogoro, na kabla mwaka haujafika nusu ya pili kwisha zikawa zafika Dodoma. Waya ulio juu ya reli ile ni volti 25,000. Umeme wa namna hiyo hauna haja ya kushikwa. Ukiukaribia, waruka hewani kukufuata. Mtu aliyezoea kupanda juu ya behewa katika reli ya dizeli, akifanya hivyo kule hatapata nafasi ya kujuta. Mita tatu, ndugu zangu, wewe na chochote ulichobeba: bomba, ngazi, mwavuli, fimbo ya kuvulia. Na mtu akipigwa na waya wa namna hiyo, ubao mkavu haukusaidii. Hapana wa kumkaribia mpaka wenye waya wamesema umezimwa.

Lakini kwa stima ya nyumbani na ya karakana, msaada uko. La kwanza ni swichi. Ukimwona mwenzako amenasa, macho yako yasimtazame yeye, yatafute swichi au plagi. Najua hili ni gumu. Moyo wa mtu humtuma kumshika ndugu yake, na asiyetumwa hivyo hafai kuwa ndugu. Lakini ukimshika mtakuwa wawili, na atakayekuja atawakuta wawili. Kama swichi haionekani, tafuta kitu kikavu kisicho cha chuma, mti mkavu, kiti cha plastiki, simama juu ya ubao mkavu, ukamsukume atoke kwenye waya au uutoe waya kwake. Nasema mkavu. Kuti bichi hapana, mti mbichi una maji ndani. Stima ikishazimwa, mshike bila hofu. Hana stima iliyobaki ndani yake.

La pili ni kifua. Hapa nataka niwape habari ambayo wafanya kazi wachache wanaijua. Huko Marekani, mafundi wa nyaya walikuwa wakifa hovyo, hata kampuni za umeme zikataka wataalamu watafute dawa. Mmoja wao alikuwa William Kouwenhoven wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins. Hakuwa daktari, alikuwa injinia wa umeme. Yeye na wenzake walitengeneza mashine ya kuurudisha moyo unaotetemeka kwa kuupiga stima nyingine ya kipimo. Katika majaribio yao waliona kwamba wakikandamiza vile vibao vizito vya mashine juu ya kifua cha mbwa, damu husukumwa, hata kabla ya kuwasha. Mwaka 1960 Kouwenhoven, Jude na Knickerbocker wakaandika kwamba mtu aliyesimama moyo aweza kusaidiwa kwa mikono miwili mitupu. Njia hiyo ya kukandamiza kifua, inayofundishwa leo duniani kote, ilitoka kwenye vifo vya wafanya kazi kama sisi.

Na mwaka 1967, mwezi wa Julai, katika mji wa Jacksonville huko Florida, fundi mmoja wa nyaya jina lake Randall Champion alipigwa na stima juu ya nguzo, akaning'inia kwa mkanda wake, kichwa chini. Mwenzake J. D. Thompson alipanda, akamshika pale pale juu akampulizia pumzi mdomoni mpaka akaanza kupumua, ndipo akamteremsha. Mpiga picha Rocco Morabito aliipiga picha ile, nayo ikapata tuzo kubwa ya Pulitzer mwaka 1968. Champion aliishi miaka mingi baadaye. Alifariki mwaka 2002. Ninaipenda picha ile. Mmoja ameinama, mmoja amening'inia, wote wamevaa mikanda ya kazi.

Sasa neno la chama. Kuna watu wanaosema usalama ni habari ya bahati. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 haisemi hivyo. Inasema mfanya kazi akiona hatari kubwa amwarifu msimamizi mara moja, na mpaka hatari ile iondolewe, haifai kumlazimisha arudi pale. Msimamizi akikwambia, "Kazi ya dakika mbili, hatuna haja ya kuzima," jibu liko katika sheria, wala si utovu wa adabu. Ukizima, tia kufuli kwenye swichi na ufunguo uwe mfukoni mwako, maana wako watu wakiona swichi imezimwa huiwasha tu, hawajui uko wapi. Mtu akifa kazini, mwajiri apaswa kumwarifu ofisa wa usalama wa eneo kabla ya saa 24. Na Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini, nayo ya mwaka 2007, inasema madai yapelekwe kabla miezi 12 haijapita tangu ajali. Kilema cha kudumu hukadiriwa kwa msingi wa mshahara wa miezi 96. Familia ya yule kijana hawakupata mtu wa kuwaambia hayo. Mimi mwenyewe sikuyajua wakati ule, na kuyajua kwangu sasa hakuwasaidii.

Nimepewa maswali mawili kabla sijakaa. Mzee wangu mgema ameuliza, mnazi wake umeinamia nyaya, akiugema afanyeje? Baba, usiupande. Kuti la mnazi likiwa limelowa umande ni waya wa kijani, na panga lako ni la chuma. Waarifu Kenya Power, wao wakate au wazime. Wakichelewa, mnazi ule na ukae na tembo lake.

Na mama mmoja ameuliza, wako wanaosema aliyepigwa na stima azikwe mchangani mpaka shingoni ili stima itoke, au anyweshwe maziwa, je ni kweli? Mama, stima haikubaki mwilini, ilipita. Ukimzika mchangani umemkaza kifua ambacho chahitaji kusukumwa, na maziwa yatampalia. Zile dakika nne ndizo mali yake yote, usizitumie kuchimba shimo.

Basi nisiseme sana. Naomba mkeka ule utandikwe hapa mbele, na kijana mmoja alale chali. Tutamfundishia mkao tu, hatutamkandamiza kwa nguvu kwa kuwa moyo wake wapiga. Nguvu tutajaribia kwenye gunia hili la pumba. Kiganja kimoja juu ya kingine, katikati ya kifua, viwiko vimenyooka, bega juu ya mikono. Shuka sentimita 5 hivi, kama upana wa vidole vitatu, uachie kifua kipande chote, tena. Mara 100 mpaka 120 kwa dakika, si taratibu kama kutwanga mpunga, ni upesi zaidi. Kila mara 30, anayejua kupuliza apulize mara 2. Asiyejua aendelee kusukuma bila kuacha. Mkono ukichoka, baada ya dakika mbili, mwingine ashike. Wa kwanza nani? Haya, kaka, vua saa hiyo, njoo upige magoti hapa. Na wewe uliye kule nyuma karibu na mlango, kabla hatujaanza, tuambie swichi kubwa ya nyumba hii iko wapi.